Daftari la Bi. Siwatu

Siku ya mazishi mjomba Mwinshehe alisimama kando ya jeneza
akauliza kama ilivyo ada:
"Yupo anayemdai marehemu?
Ajitokeze, sisi wanawe tutamlipa."
Watu wakatazama viatu vyao.
Nje, muuza kahawa aligonga vikombe vyake,
akakumbuka, akanyamaza.
Hakutokea mtu.

Daftari tulilipata tulipoanua tanga,
ndani ya pipa la unga, limefungwa kwa nailoni,
jalada lina twiga aliyefutika shingo.

Bibi alijifunza kuandika akiwa na watoto wanne,
kisomo cha watu wazima, jioni, taa ya chemli,
mama yangu mgongoni akimvuta kilemba.
Herufi zake hazikubadilika hadi mwisho:
zilisimama mbalimbali
kama watu walionuniana kwenye foleni ya maji.

Nikasoma kwa sauti. Mama akichambua mchele.
"Fundi redio, vitumbua sita."
"Chumba cha nne, kodi miezi miwili. Mkewe kajifungua. Asiulizwe."
"Mtoto wa Chiku, viwili kila asubuhi. Hili si deni."
"Askari mrefu, chai. Hakulipa. Hatalipa. Mungu anamwona."
Mama akacheka, ungo ukamponyoka,
akaendelea kucheka
hata nikashindwa kujua kama bado ni kicheko.

Tulikuwa tukimwambia, bibi, dawa ya deni kulipa.
"Na dawa ya njaa?"
Akageuza kitumbua, hakungoja jibu.

Saa tisa za usiku Magomeni nzima imelala,
yeye na moto wake tu, na harufu ya iliki
ikipita chini ya milango ya vyumba sita.
Vitumbua vingapi vimo katika sare moja ya muuguzi?
Mama alianza kupiga hesabu hiyo
siku alipoajiriwa Amana. Hakuimaliza.

Walipokuja watu wa vitambulisho
kijana alimfuta vidole mara tano kwa kitambaa,
mashine ikamkataa.
"Bibi, alama zako hazisomeki."
"Zimeliwa na mafuta, baba. Andika sipo."
Mtaa mzima ukacheka. Mimi pia nilicheka.
Sasa ninautazama mkono wangu, vidole laini,
mashine zote zinanijua.

Arobaini ilipofika alikuja mzee mmoja, mrefu,
kofia mkononi, mgongo umeanza kumsaliti.
Aliweka elfu kumi chini ya sahani ya halua,
hakutaja jina, hakula.
Mama alimsindikiza hadi barabarani.
Aliporudi alitafuta kalamu, akachora mstari mmoja.

Ukurasa wa mwisho nilikuwa nimeufunika kwa kidole.
Niliusoma peke yangu, uani, karibu na bomba.

"Mshamu, Jumapili. Kazi."
"Mshamu, Jumapili. Mvua."
"Mshamu, Jumapili. Foleni ya Kimara, masikini."
"Mshamu, Jumapili. Labda homa."

Kimara hadi Magomeni ni basi moja.
Bibi aliniandikia visingizio kwa mkono wake,
hata vile ambavyo sikuwahi kuvitoa.
Mstari wa chini kabisa:
"Mshamu, Jumapili."
Kisha nukta hakuna, neno hakuna,
karatasi tupu hadi ukingoni.

Basi Jumapili nikaja.
Mchele niliuloweka tangu Jumamosi,
nikaamka saa tisa, nikaungua mara mbili,
vya kwanza vikashika chuma, nikavikwangua kwa kijiko.
Kulipopambazuka mtoto wa Chiku alikuwa mlangoni
na sahani yake ya bati, kama vile hakuna aliyekufa.
Nikampa viwili.
Alikula kimoja, akatafuna taratibu, akanitazama
kwa huruma ya mtu mzima:
"Vya bibi vilikuwa na iliki."

Nikafungua daftari, chini ya jina langu,
nikaandika: iliki.