Mbegu

Kilomita mia nne za theluji hadi Dauphin
kumtazama mtoto ambaye ndevu hazijamjia.
Namba ishirini na mbili, Danylo Wasylyk.
Anateleza vibaya, nisidanganye:
goti la kushoto linakwama kama mlango mbovu.
Lakini kisahani kikipigwa, yeye
ameshakwenda kinakokwenda.
Nikaandika daftarini: miaka minne. Tusubiri.

Ndipo meneja akapiga simu.
Chaguo letu la kwanza ameliuza,
la mwakani pia,
ampate Lindqvist, miaka thelathini na mitatu,
magoti yaliyoshonwa mara mbili.
"Kombe ni sasa, Murray. Sasa."

Baba yangu, mwaka wa panzi,
alililalia gunia la ngano ya mbegu
kama mgonjwa anavyolalia ubavu mmoja.
Mama aliomba kibaba kimoja tu, cha uji.
Alikataa.
Tulimchukia mpaka mavuno.

Ila jirani yetu Halvorson naye alitunza mbegu,
na panya wakazila zote.
Na mimi, katika wavulana kumi na mmoja niliowachagua,
tisa leo wanauza magari.
Kwa hiyo simhukumu meneja.
Mwenye njaa ana hesabu zake.

Kahawa ilikuwa imeganda kikombeni.
Hatuna tena zamu ya kumwita yule mtoto;
atavaa jezi ya wengine, atatufunga.
Nilitia ufunguo garini,
nikauchomoa,
nikarudi ndani.
Kipindi cha tatu kilikuwa hakijaisha.