Grisi ya Buluu

Muuzaji wa Birere alinipimia kwa kijiko cha chai,
grisi nyeusi, ndani ya karatasi ya daftari,
akasema: mama, grisi ni grisi.
Sikubishana. Nililipa, nikaiacha mezani pake.

Maana gurudumu hili nalijua linakopita.
Linashuka vilima vya Masisi breki zikinuka,
linalala Ndosho juu ya mawe ya volkano,
na vumbi lake lina meno.
Ile ya rangi ya asali, joto likizidi,
huyeyuka ikatiririka hadi kwenye breki.
Nyingine mvua huisuuza kama povu.

Mwaka jana jirani yetu Paluku alipaka mawese.
Beringi ziliimba siku tatu.
Ya nne, gurudumu lilimtangulia sokoni.

Leo nimekaa uani, beseni la mafuta ya taa
kati ya magoti, naosha vyuma
mpaka vilie kama sarafu.
Nimenunua ya buluu, kopo zima,
bei ya viatu vya shule.
Naiweka kiganjani, naibonyezea beringi
mpaka itokeze upande wa pili, polepole,
kama ugali wa moto kati ya vidole.

Kavira anauliza: mbona usijaze tu, iwe salama?
Namwambia, kilichojaa pomoni hakipumui.

Kisha nanyamaza.
Muhindo ndiye aliyenifundisha hayo,
na gari lake halikufika.
Si grisi. Nililifungua gurudumu mwenyewe, baada ya mazishi.
Ndani mlikuwa bado buluu.