Pingili

Ami Shee huuza miwa pale Mwembe Tayari
na mimi ndiye nizungushaye gurudumu la kinu.
Yeye humenya, hukata, hunipa.
Penye pingili kinu hugoma,
hapo ndipo nilipotokea mabega haya.

Mwezi wa Rajabu kisu kilimteleza.
Jeraha la kidole, dogo kama jicho la kuku.
Akalifunga kwa kitambaa cha kufutia kinu
akaendelea kumenya.
Nani hulala kitandani kwa kidole?
Kikavimba, kikatunga usaha, kikapasuka chenyewe.
Siku nane, tukasahau.

Usaha haukusahau.
Kijidudu kilipanda damu kama mtu apandaye feri ya Likoni,
bure, katikati ya umati, bila kuulizwa jina,
kikashukia kiunoni.

Haya twayajua sasa.
Wakati ule tulijua mgongo tu.
"Mgongo ni kazi," walisema wauza nazi.
Bi Mwanakhamisi alimkanda kwa mafuta ya mkaratusi
hata akalia yeye mkandaji.
Mtu wa Kisauni akamuumika pembe tatu:
damu nyeusi ikatoka, maumivu yakabaki.
Nami nikanunua vidonge dukani, vya njano na nyekundu,
sita, mara nne, kadiri ya mauzo ya siku.
Homa ikashuka Jumatatu, Alhamisi ikarudi.

Maumivu ya kazi hulala mtu akilala.
Haya yalikesha.

Alfajiri moja alisujudu, hakuweza kuinuka.
Tulimpeleka Makadara kwa mkokoteni ule ule wa miwa.

Eksirei haikusema neno. Mfupa hukawia kukiri.
Damu ilisema kuna moto, haikusema nyumba gani.
Siku ya tatu wakamtia ndani ya lile bomba linalogonga,
kisha daktari Kache Mwaringa akatuita kwenye kioo.
"Pingili ya tatu na ya nne," akasema,
"na gegedu lililo kati yao. Zinaliwa."

Ami akacheka, mara ya kwanza tangu Shaabani.
"Daktari, huo ni muwa mwekundu.
Nje kijani, ukiugonga walia vyema,
ukiukata, moyo umeoza kuanzia kwenye kifundo.
Miaka ishirini na sita nautupa kando.
Sikujua naubeba."

Nilitaka dawa saa ile ile.
Daktari alimkuna nyayo, akamwambia sukuma, vuta.
Miguu ilitii.
"Basi tuna nafasi ya kungoja."
Akauliza kama karani wa kadhi:
maziwa mabichi amekunywa, ya ngamia, ya mbuzi?
Nani nyumbani anakohoa wiki hata wiki?
Sukari anayo? Sindano? Jipu?
Ami akainua kidole. Kovu jembamba, lang'aa.
"Labda," akasema daktari. "Lakini labda si jina."

Sindano ndefu ikapita mgongoni,
ikachota kitu kidogo kuliko mbegu ya ndimu.
Wakakipanda. Hakikuota.
Daktari akanitazama. "Alikuwa anameza nini?"
Nikataja vidonge vyangu, rangi zake, bei yake.
Viliwaua wachache tu,
waliobaki vikawafunza kunyamaza.
Nilitoka nje nikasimama kwenye jua.

Siku kumi bila dawa, akiuma shuka,
na sindano ya pili.
Safari hii jina likaota kwenye kisahani,
kundi la vitone vya dhahabu.
Ni kijidudu cha kawaida, hukaa puani mwa watu, hata mwangu.
Kilichohitaji ni mlango tu.

Wiki sita za dripu. Yuko ya nne.
Ananiuliza bei ya miwa, nani anamdai nani,
hataki habari ya mgongo.

Jana kisu kilinipata kwenye gumba.
Nilisimamisha kinu, foleni yote ikinitazama,
glasi ya mtu ikiwa nusu,
nikaenda kutafuta sabuni.