Na Tini Jee?

Miaka thelathini na mmoja pale Kilindini
nilihesabu mizigo ya watu:
mchele, mabati, marobota ya mitumba,
na sikupata kukosea hata katoni moja,
au nikikosea, si kiasi cha kuandikiwa barua.

Sasa nimestaafu, niko Mtongwe,
na nyuma ya nyumba nina ua wa matumbawe
ambamo hata kwekwe huomba ruhusa kuota.
Mwanatumu ataka bustani.
Bilingani, asema, mnavu, mrehani chini ya dirisha,
na bamia, maana bamia za sokoni zina umri kama wetu.

Nikatoa futi ya fundi; imeshika kutu,
haivutiki kupita mita mbili.
Yeye akavua leso ya begani, akaitandaza juu ya mawe,
akaiinua, akaitandaza tena,
akienda nayo kinyumenyume:
leso nne kwa urefu, mbili kwa upana.
Kina? Akafungua kiganja, dole gumba hadi cha mwisho.
Shubiri.

Nikaingia ndani na kalamu.
Leso, mita moja na nusu. Sita mara tatu, kumi na nane.
Shubiri, sentimita ishirini na tatu.
Madebe mia mbili na saba.
Mkokoteni wa Nyawa huchukua madebe kumi na sita:
basi mikokoteni kumi na mitatu.
Nikapiga mistari miwili chini ya jibu
kama nilivyofunga daftari meli iking'oa nanga.

Mwanatumu akasoma, akanirudishia karatasi.
"Umepima yuu," akasema. "Na tini jee?"

"Chini ni mawe."

"Mawe yana midomo."

Nikacheka. Nikaagiza kumi na mitatu.

Siku mbili Nyawa alimwaga udongo mwekundu,
shati limegandana na mgongo,
nami mlangoni na kijitabu, napiga vijiti:
vinne vimesimama, cha tano kimelala juu yao.
Mkokoteni wa mwisho ulipomwagwa, ua ulijaa
sawasawa na alama ya chaki niliyochora ukutani.
Nilimtazama Mwanatumu.
Yeye aliyatazama mawingu.

Usiku ikanyesha, ile mvua ya Mei isiyobisha hodi.
Asubuhi chaki imefutika nusu
na udongo uko vidole vitatu chini yake.
Umeingia mashimoni, umeshikana,
umetoa pumzi ambayo mimi niliilipia kwa bei ya udongo.

Kumbe maisha yangu yote nilihesabu vitu vilivyofungwa.
Gunia la mchele halinywewi na sakafu.
Bati halikai mahali likazoea.
Udongo huhesabiwa ungali mgeni;
ukishakuwa mwenyeji, hupungua.
Ni kaburi tu, nikawaza, linalorudishiwa udongo wake ukazidi,
na hata hilo, masika mawili yakipita, husawazika.
Hilo sikumwambia.

Sikumwambia pia kwamba nilijifungia chooni
nikampigia Nyawa simu.
"Mingine minne," nikanong'ona.
Akakohoa kidogo, kama mtu anayeficha kicheko.
"Mama alishalipa, mzee. Tangu Jumatatu.
Aliniambia ningoje mvua."

Kumi na saba.
Yamebaki matandazo: makumbi ya nazi,
majani makavu ya mkungu wa jirani.
"Vidole vinne, usizidishe," asema,
"mche nao wataka kupumua. Haya, karani, magunia mangapi?"
Ananipa kalamu,
na mkono wake wa pili umeshashika leso.

Nami nimechuchumaa,
kiganja kimezama udongoni hadi juu ya saa,
nalitafuta jiwe lilipo
kabla sijaandika tarakimu.