Sikio la Msabila

Kimraba chekundu kilitua juu ya mboni,
kikawa kijani, kikalia: pi.
Nikakiamini.
Msabila kwenye stuli, uso kaugeuza kidogo,
sare ya reli imepigwa pasi hadi mkunjo unakata uzi,
siku yake ya mwisho stesheni ya Tabora,
miaka thelathini na minne ya kushika bendera.
Nikabonyeza.

Picha ilipotoka alivaa miwani,
akaivua, akaivaa tena.
"Kijana, umenipiga sikio."
Kweli. Jicho lina ukungu kama kioo cha basi alfajiri ya Julai,
ila sikio!
Vinyweleo vyote vinahesabika,
na kovu dogo penye ndewe
ambalo hata mkewe, alisema, hajawahi kuliuliza.
Akalipa. Hakutaka nirudie:
treni ya Kaliua haimngoji mtu, hata mtu wake.

Usiku nikafunga studio, Isevya kimya,
nikaazima futi kwa Kalunde, fundi cherehani wa jirani,
nikailaza mshazari juu ya kreti la soda.
Kamera kwenye miguu yake mitatu, mkono wangu mbali.
Nikalenga sitini.
Tundu la lenzi wazi: sitini, kali kama wembe.
Nikalibana: sitini na moja.
Nikalibana tena: sitini na mbili na ushee.
Na kimraba kijani muda wote. Pi. Pi.

Kumbe
kamera hailengi kwa jicho inalopigia.
Hulenga imekodoa, tundu wazi lote;
ikifika kupiga, hukonyeza,
na katika kukonyeza huko lenzi yangu ya mtumba
husukuma kila kitu nyuma, vidole viwili,
jicho likabaki nje, sikio likaingia.
Haikusema uongo.
Ilisema kweli mapema mno.

"Futi yangu ina kosa?" Kalunde aliuliza asubuhi.
Haina.

Siku hizi nalenga mboni, kisha narudi nyuma
vidole viwili, pumzi nimeibana.
Wateja hudhani nawaogopa.

Namba ya Msabila haipatikani.
Nakala yake ya pili imo drooni, chini ya betri.
Huwa naitoa jioni, treni ya Kigoma ikichelewa,
mimi sijasikia kitu bado,
nalitazama lile sikio
nijue kama imeshavuka Usoke.