Funguo Tatu Zisizolia

Kinanda cha shule kina funguo tatu zisizolia.
Ukizibonya, mti hugonga mti, basi.
Mimi ndiye mpigaji, nimezoea kuziruka
kama mtu arukavyo kidato kibovu cha ngazi ya kwao.

Mwalimu Nyevu alisema: tamasha ni mwezi wa saba,
mchezo tutautunga wenyewe, hakuna kukariri cha mtu.
Leteni kitu kilichohama pamoja nanyi.

Alhamisi meza ikajaa.
Mbuzi ya kukunia nazi, mguu mmoja umeungua.
Redio isiyo na matumbo.
Njoki alileta karatasi ya shamba, imekunjwa mara tano;
babu yake alishuka nayo lorini, huko bara,
mwaka ambao mvua haikujua kukoma.
Shalo hakuleta kitu. Akasema, sisi tulihama na lafudhi.
Tukacheka, naye akacheka,
kisha akaacha kabla yetu.

Mwanashee akaweka ufunguo.
Mrefu, wa chuma, wa nyumba
isiyo na mlango,
na tukiambizana kweli,
mlango usio na nyumba.

Bwanaheri akashika chapuo, Shalo upatu.
Njoki akaikwaruza mbuzi kwa kijiko
ikatoa sauti ya miguu mingi mchangani, usiku,
na hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Kisha tukafika pale.
Nani atakuwa *wao*?
Ghafla kila mtu ana kamba ya kiatu ya kufunga.
Tukapiga kura kwa njiti za kiberiti,
iliyovunjika ikamwangukia Bunu,
Bunu ambaye humtaka radhi paka akimpita njiani.

Nitamtangulizia ngoma ya kugonga mlango, akasema Bwanaheri,
mapigo matatu, mazito.
Mawili yatosha, akasema Njoki.
Matatu. Mawili. Kama wako sokoni wanapimiana samli,
mpaka shamba nalo likaingia humo humo,
nani alimkuta nani, karatasi kaitia nani sahihi,
na Mwalimu akaangusha kifutio makusudi.

Hapo Mwanashee akasema,
kwa Kiamu cha bibi yake, si chake:
"Hawakupija hodi."

Hodi.
Hata anayekuja kudai deni huanza nayo.
Hata mwizi wa mtaa wetu, Langoni, yasemekana
hukohoa kwanza.

Bwanaheri akaigeuza chapuo, ngozi chini.
Sijui nilitumwa na nani,
nilinyoosha kidole nikabonya ule wa tatu.
*Ta.*
Mti juu ya mti.
Bunu akapiga hatua moja.
*Ta.*
Njoki akaanza kuikunjua karatasi yake,
polepole, na kila mkunjo tukausikia
hadi nyuma kabisa, kwenye madawati yaliyovunjika.

Mwalimu akaandika daftarini: *Onyesho la nne, bila muziki.*
Akalitazama.
Akafuta "bila".

Kengele ya saa kumi. Mwanashee akaurudisha ufunguo mkobani,
chini ya kitabu cha hesabu, pahala pake.

Fundi wa vinanda anakuja Jumatatu kutoka Malindi.
Ofisini wameniuliza ni funguo ngapi mbovu.
Nimesema mbili.