Ufunguo wa Sanduku la Lifti

Lifti ya jengo letu hapa Kutaisi haikubebi bure.
Unaitilia sarafu ya tetri ishirini,
inakohoa kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu,
ndipo inapanda.
Mimi nakaa ghorofa ya nane.
Mkate, dawa, kanisa, mazishi ya watu:
kila kurudi ni ishirini.
Kushuka ni bure.
Kushuka siku zote ni bure.

Ufunguo wa sanduku la sarafu anao Jumberi,
wa ghorofa ya kwanza, asiyepanda lifti.
Tulimchagua mwaka wa theluji kubwa,
kwa mikono kumi na mmoja,
mmoja wa mtoto aliyekuwa anaomba kwenda chooni.
Tangu siku ile hatujapiga kura.
Tunapiga soga.

Uani, kwenye meza ya dhumna, hakosi mtu rai.
Otari anasema: mwizi.
Anasema akiwa ameupa mlango mgongo,
sauti ameificha chini ya mlio wa vipande.
Tsiala anasema: acheni, huyu ameshashiba,
atakayekuja atakuja na njaa yake.
Guguli anataka mkono wa chuma.
"Zamani lifti ilikuwa bure!"
"Zamani ilikuwa mbovu," anajibu mkewe kutoka dirishani,
wala haachi kukung'uta zulia.

Kwa mawaziri tuna ndimi za moto.
Bunge zima tunalihukumu kabla supu haijapoa.
Lakini Jumberi akitokeza na mkate wake kwapani,
tunasema, "Habari za asubuhi, Jumberi. Miguu vipi?"
Naye anatueleza miguu,
mmoja baada ya mwingine.

Nimefundisha kemia miaka thelathini na mmoja.
Februari nilikaa kwenye ngazi na daftari,
blanketi magotini,
nikazihesabu sarafu kwa sikio. Siku saba.
Mia sita arobaini na tatu.
Nyingine hazikulia kama sarafu:
zilikuwa vifungo vya koti. Zaza, ghorofa ya tano.
Namjua, nilimfundisha.
Na kabla ya wiki ile, niseme tu,
mara ngapi nimesimama mlangoni nikijifanya natafuta pochi
mpaka jirani atie yake?
Hilo nalo nililiandika.

Nikabandika karatasi ndani ya lifti:
hesabu yangu, swali moja, *zinakwenda wapi?*,
na chini jina langu, Lamara Gvazava, nyumba ya thelathini na moja.
Kesho yake chini ya jina pameandikwa: *Kweli!*
Chini yake: *Kweli kabisa!*
Mmoja alinisahihishia herufi.
Hakuna aliyetia jina.

Jumberi alikuja usiku.
Alipanda kwa ngazi, ghorofa zote hizo, na miguu ile,
amebeba kopo la jemu.
Akalimwaga mezani kwangu:
risiti za nyaya, risiti za grisi, deni la fundi,
vifungo arobaini na kimoja.
"Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza," alisema.
"Walinisalimu tu."
Kisha, akitazama kitambaa cha meza:
"Mngeniuliza mapema, ningechukua kidogo zaidi ya hapo.
Kidogo, namaanisha, pungufu."

Tulihesabu hadi mbwa wa uani wakalala.
Zikakosekana lari kumi na tisa za mwezi ule.
Hakuzieleza. Sikuzisamehe.
Nilimimina chai, nikaandika: *pungufu, kumi na tisa*,
akatia sahihi,
polepole, kama mwanafunzi anayejua amefeli
lakini anapenda mwandiko wake.

Karatasi ya pili ipo ndani ya lifti sasa.
Uani wanasema Lamara anautaka ufunguo.
Otari ndiye anayesema,
ameupa mlango mgongo,
na vipande vya dhumna vinalia, vinalia.
Amesahau masikio yangu
yalivyozoea kuhesabu.